Jeneza la Mzee Ooko, Sehemu ya Saba: Kila Hatua Elfu Moja

Wiki jana tulimwacha Nanyama mguu mmoja ndani ya maji, wa pili juu ya jiwe, kamba kiunoni na pumzi ameshaivuta kifuani. Ndipo sauti ya Calvince Ooko, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, ilipotikisa ufuo mzima.

“Simama hapo hapo! Hatukutaki tena!”

Nanyama akageuka. Calvince alikuwa ameinua tunda la yago juu ya kichwa kwa mikono miwili, kama nahodha aliyekabidhiwa kombe.

Kwa wewe uliyeanza kusoma leo, usijali, tutakuingiza upesi. Mzee Sydney Ooko, mkandarasi wa Kisumu aliyejenga barabara nyingi sana kwenye karatasi, alifariki ghafla. Familia ikaamua apelekwe kwao ng'ambo ya ghuba kwa boti, kwa heshima zote. Kamati nayo ikaamua kwamba kila atakayepanda boti ya jeneza atapata posho ya msafara. Boti ya watu wanane ikapandwa na watu kumi na tisa. Ilipinduka kabla injini haijapata moto. Wenye posho wote walitoka salama, mwenye safari akazama peke yake.

Alizama pabaya pia. Hatua ishirini tu kutoka ukingoni kuna shimo lililoachwa na wachota mchanga, refu kwenda chini kimo cha watu saba. Juu ya shimo hilo limetanda gugu maji, na ndani ya gugu maji anaishi kiboko mmoja mwenye hasira za mwenye nyumba wa mtaa wa Migosi asiyelipwa kodi hadi tarehe tano.

Wapiga mbizi wote wa ufuo huo walipoambiwa kazi, walikumbuka kwamba wana harusi. Akabaki Nanyama wa Kaloleni, mwanamke wa Kibukusu mwenye miaka arobaini na tisa. Hana mtungi wala mashine ya hewa. Ana mapafu, ana jiwe la kumshusha, ana kamba, na ana rafiki yake Mercyline, muuza samaki, wa kuishika hiyo kamba.

Halafu ana sikio moja. La kushoto lilipasuka miaka miwili iliyopita alipozamia pikipiki ya mtu kwa shilingi mia tano na soda. Daktari alimwambia wazi: ukishuka tena kina kirefu, la kulia litafuata. Na bintiye Kageha ana mtoto wa miezi minane ambaye bado hajatamka neno hata moja. Nanyama alikuwa amejiapiza kwamba kazi hii itakuwa ya mwisho, na kwamba itamlipa vya kutosha asizame tena, ili sikio lililobaki limsikie yule mtoto akimwita kukhu, yaani bibi.

Ndiyo maana tangu asubuhi hakukubali bei ndogo, mpaka kamati ikaitikia bei yake kwa shingo upande. Na ndiyo maana Calvince alikuwa ameinua yago.

“Hii tunda haitaki laki, haitaki soda, haitaki hata pole,” alitangaza Calvince. “Leo tunazika yago kwa jina ya ndugu yangu, watu wanakula, mambo inaisha!”

Kamati nzima ikapiga makofi. Wengine walishaanza kutazama upande wa sufuria.

Msomaji, yago ni lile tunda refu, zito, linaloning'inia mtini kwa mkia. Tangu enzi za mababu, Mjaluo akimezwa na ziwa asionekane, yago huzikwa mahali pake ili kaburi lisifunikwe tupu. Wazee husema kaburi tupu halikai hivyo hivyo. Huita mtu mwingine wa boma aje kulijaza.

“Calvince.”

Aliyeita ni Mama Lorine, mjane wa marehemu. Simu yake, yenye michango yote ya mazishi, alikuwa ameifunga kwenye ncha ya leso.

“Hiyo yago umetoa wapi mapema hivi?”

“Si kwa mti, shemeji.”

“Mti gani? Hapa karibu hakuna mti ya yago.”

“Iko tu huko,” Calvince akasema, na kidole chake kikaonyesha pande mbili kwa wakati mmoja.

Mjane akaligeukia lile tunda. “Yago ni ya mtu ametafutwa akakosekana. Sydney hajatafutwa. Sydney amekosa tu bei. Sasa ukizika hiyo kitu na yeye akuje kuuliza kwa nini hatukumtafuta, ataanza kuuliza nani? Si mwenyekiti?”

Hakuna mwanakamati aliyependa kuulizwa maswali na marehemu, hasa marehemu huyu aliyejua hesabu za kila mtu. Calvince aliliweka yago chini polepole.

“Sawa,” akasema kwa unyonge, akimgeukia Nanyama na kumwita binti wa Bungoma kwa Kijaluo. “Lakini kazi ya kuogelea dakika tano, nyar Bungoma, ni elfu mbili. Na chakula.”

Nanyama akamgeuzia sikio la kushoto.

“Elfu mbili mia tano!”

Nanyama akaendelea kulitazama ziwa.

“Elfu tatu! Yawa, si unisikie?”

“Ongea huku kulia, mzee,” Nanyama akamwambia. “Hili la kushoto halisikii bei ndogo. Ndizo zililiua.”

Mercyline akacheka mpaka kamba ikamponyoka. “Na mimi niulize kitu,” akasema. “Mimi niliona kwa macho yangu. Ile jeneza ilienda chini moja kwa moja, hata haikusema kwaheri. Kwani siku hizi mbao imeacha kuelea?”

“Ndugu yangu alikuwa mtu mzito,” Calvince akajibu haraka.

“Mzito kwa jina ama kwa kilo?”

“Wewe uza samaki yako!”

Nanyama alikuwa anakitazama kitabu cha bajeti mikononi mwa Milka, mhasibu wa kamati. Milka alifundisha hesabu shule ya msingi miaka ishirini na saba, na alikuwa na ugonjwa mmoja mbaya sana kwa mtu wa kamati: hakuweza kudanganya kwenye hesabu.

“Mwalimu,” Nanyama akamwita. “Nyinyi wenyewe mnalipwa ngapi kukaa hapa?”

Milka akafunua ukurasa. “Posho ya kawaida, elfu moja. Halafu posho ya mazingira hatari, elfu tatu kila mtu kwa siku.”

“Hatari gani?”

“Imeandikwa hapa: upepo, mbu, na kuwa karibu na kiboko.”

“Karibu hatua ngapi?”

Milka akapima kwa macho kutoka viti vya kamati, vilivyopangwa chini ya hema jeupe, hadi ukingoni, kisha zile hatua ishirini za maji. “Mia moja.”

“Basi vizuri,” Nanyama akasema. “Mimi sitaki bei yangu. Nataka yenu. Mtu aliye hatua mia kutoka kwa kiboko analipwa elfu tatu. Mimi nitakuwa hatua tatu. Nipigie hesabu.”

Calvince alijaribu kukohoa, lakini kalamu ya mwalimu ilishaondoka. Kitu cha kwanza alichoandika Milka ni mia moja gawanya kwa tatu, kisha mara elfu tatu. Cha mwisho kilimfanya avue miwani.

“Laki moja kamili,” akasema. “Yaani kila hatua ambayo sisi tuko mbali, ni elfu moja kwake.”

Mama mmoja aliyekuwa anakaanga samaki alizima jiko ili asikie vizuri.

“Nakubali hiyo hesabu,” akasema Mama Lorine, akaanza kufungua ncha ya leso.

“Ngoja, shemeji, ngoja!” Calvince akaruka. “Hiyo hatari yenyewe hakuna! Mnaona? Sisi tunaweza kuhama. Wazee, inueni viti! Turudi nyuma!”

Kamati ikainua viti na kurudi nyuma hadi chini ya ukuta wa ghala la samaki. Wakakaa, wakatulia, wakatabasamu.

Milka akahesabu hatua. “Sasa mko hatua mia mbili.”

“Eeh! Hakuna hatari!”

“Na bado mnalipwa elfu tatu zile zile. Kwa hiyo yeye aliye hatua tatu sasa ni laki mbili.”

Tabasamu zikakatika kama stima.

“Rudini!” Calvince akafoka. “Rudini mbele haraka!”

Mwanakamati mmoja mnyonge akainua mkono. “Mwenyekiti, kwani hatuwezi kuondoa tu hiyo posho yetu ya hatari? Hesabu yote itaanguka.”

Wenzake wakamtazama kama mtu aliyemtukana marehemu mbele ya jeneza. Mkono ukashuka wenyewe, na mpaka leo haujainuka tena katika kikao chochote.

Viti vikarudi mbele. Hatua mia, laki moja. Calvince akasema bado ni ghali. Wakasogea hadi hatua themanini. Hatua sitini. Kila walipokaa, Milka alisoma bei mpya kama kondakta anayetaja nauli, nao wakasimama tena na kuburuta viti kuelekea majini ili bei ishuke. Suruali zilikunjwa na viatu vikavuliwa. Wavuvi waliacha nyavu zao wakaja kutazama wazee wa heshima wakikimbilia hatari kwa hiari yao, jambo lisilowahi kutokea ufuoni pale tangu kamati zianze.

“Elfu arobaini!” Milka akasoma.

“Bado!”

“Elfu ishirini na tano!”

“Mbele kidogo!”

Wakafika ukingoni kabisa. Mawimbi yakawa yanawalamba vidole vya miguu.

“Elfu ishirini,” Milka akasema.

“Hapo sasa!” Calvince akalipiga kofi goti lake. “Elfu ishirini, andika! Nyar Bungoma, shika kazi yako ama uache!”

Kwa Nanyama, elfu ishirini ni kodi ya miezi mitatu, si bei ya sikio. Walikuwa wamemshika kwa hesabu yake mwenyewe, na ilimuuma. Alianza kufungua kamba kiunoni.

Hapo ndipo gugu maji lilipogawanyika.

Kwanza yakatokea masikio mawili madogo, yakitikisika. Kisha pua, kisha kichwa kizima cheusi chenye kung'aa. Kiboko aliwatazama wanakamati waliojipanga mbele yake, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayekagua orodha ya walioalikwa. Akafungua kinywa.

Hakufanya zaidi ya kupiga mwayo, msomaji. Lakini mwayo ule ulivunja mkutano bila azimio. Viti vikaruka na miwani ikakanyagwa. Mzee aliyekuja kwa mkongojo aliuacha na kuwapita vijana wawili. Aliyekuwa mbele ya wote ni mwenyekiti, na alipoacha kukimbia alikuwa amekumbatia mlingoti wa stima kando ya barabara ya lami, karibu na wenye bodaboda.

Watazamaji nao walishatoweka, na waliobaki ufuoni ni wanawake wanne tu: Nanyama, Mercyline, mjane na mwalimu.

“Mwalimu,” Mama Lorine akasema kwa utulivu, “mwenyekiti yuko wapi saa hii?”

Milka akaenda kwa miguu hadi kwenye mlingoti, akihesabu kwa sauti, akarudi akihesabu tena ili kuhakikisha. “Mia tatu na themanini. Ongeza ishirini za maji. Mia nne.”

“Mimi nimesimama hapa kwa muda tu!” Calvince akapiga kelele kutoka mbali. “Hiyo si kikao!”

“Posho ya leo umesaini?” mjane akamuuliza kwa sauti.

Calvince akaukumbatia mlingoti upya.

“Amesaini,” Milka akajibu. “Wa kwanza.”

“Basi bei ni hapo amesimama.” Mama Lorine akafungua ncha ya leso, akabonyeza simu kwa kidole kimoja, taratibu. “Laki nne. Laki mbili sasa, laki mbili akitoka. Nyar Bungoma, samahani. Sikio ya mtu haikufaa kupimwa na viti. Lakini ndiyo kipimo tuko nayo.”

Simu ya Nanyama ikalia ndani ya mfuko wa nailoni shingoni mwa Mercyline. Laki mbili. Nanyama akaikaza tena kamba kiunoni. Katika miaka kumi na sita ya kazi hii, hilo lilikuwa neno la kwanza la samahani kuambiwa kabla hajalowa.

Walingoja hadi kiboko alipoondoka kuelekea kwenye matete. Nanyama akakumbatia jiwe lake, akavuta pumzi mara tatu, akazama.

Maji yakawa ya kijani, kisha ya kahawia, kisha hayakuwa na rangi. Kwenye kimo cha watu watatu sikio la kulia lilianza kuuma. Alibana pua, akapuliza, akashuka. Watu watano. Maumivu yakawa msumari. Alimfikiria yule mtoto wa Kageha, akajiambia bado kidogo, bado kidogo.

Miguu ikagusa mbao.

Jeneza lilikuwa limelala ubavu, kifuniko kimeachia upande mmoja. Nanyama akaifungua kamba kiunoni, akaipitisha kwenye vishikio, akafunga fundo la kwanza, la pili. Alipokuwa anakaza la tatu, mkono wake ukateleza ukaingia ndani ya ule mwanya.

Akagusa blanketi. Chini ya blanketi, kitu kigumu chenye kona. Akapapasa pembeni, kingine chenye kona. Vingine viwili. Nanyama ameolewa na fundi mwashi miaka kumi na moja, analijua jiwe la kujengea hata gizani. Marehemu hakuwa na kichwa, wala mabega, wala miguu. Marehemu alikuwa mawe.

Na katikati ya mawe, limefungwa kitambaa kwa adabu kama mtoto, kulikuwa na kitu kirefu, kizito, chenye ngozi ya kukwaruza na mkia.

Yago.

Nanyama alielewa yote mara moja. Aliyepanga hila hii hakuogopa polisi, hakuogopa watu wa bima waliosubiriwa kulipia kifo hiki, hakumwogopa hata Mungu. Lakini aliogopa kaburi tupu. Alijaza mawe ili kuwadanganya walio hai, kisha akaweka tunda ili asiwakosee wafu. Na tunda la pili, pacha wa hili, lilikuwa limelala juu pale ufuoni, mahali Calvince alipoliweka chini.

Ndani ya kichwa chake kitu kikapasuka, paa, kama kijiti kikavu. Maumivu yakaisha yote. Akatikisa kamba, akaifuata hadi juu.

Alipotoka, Mercyline alimpokea kwa mikono miwili. Midomo yake ilikuwa inaenda. Nanyama akaitazama. Mama Lorine naye alikuja, midomo yake ikaenda. Kwa mbali wanakamati walikuwa wanarudi mmoja mmoja, Calvince mbele, akipunga mikono. Mawimbi yalipiga ufuo bila sauti, na ndege wakapita juu wakiwa wamefungua midomo bure.

Nanyama akashika sikio la kulia. Kidole kikarudi na damu.

Alijua angelia, lakini si sasa. Akamwonyesha Mercyline damu ile, akatikisa kichwa. Mercyline akafunika mdomo, machozi yakaanza kumtoka pale pale.

Ndipo mfuko wa nailoni ukawaka mwanga. Simu ilikuwa inaita, nambari isiyo na jina. Nanyama akamwonyesha kwa ishara: sikiliza wewe.

Mercyline akaiweka sikioni. Nanyama aliona uso wa rafiki yake ukipoteza rangi kidogo kidogo. Simu ilipozima, Mercyline akapiga magoti kwenye mchanga uliolowa na kuandika kwa kidole, herufi kubwa:

NI MZEE OOKO. YUKO HAI. ANATOA MILIONI MOJA UACHE JENEZA HUKO CHINI.

Kiatu kikatua juu ya maandishi. Kikasugua mara mbili, tatu, mpaka mchanga ukawa laini. Nanyama akainua macho. Ni Calvince, akihema, na jasho likimtiririka. Hakuwa ameshangaa hata kidogo.

Lakini alikuwa amechelewa. Nyuma yake alisimama Mama Lorine, na macho yake bado yalikuwa pale pale palipokuwa na jina la mumewe. Mjane wa siku sita alivua kitambaa cha msiba kichwani, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya yago. Kisha akaishika kamba ya jeneza kwa mikono miwili, akaanza kuvuta peke yake.

Nanyama akaitazama kamba ile. Milioni moja, kwa kuacha tu. Ni nyumba Nyamasaria, yenye maji na geti. Hakuna kuzama tena maisha yake yote. Alitazama migongo ya mikono ya mjane, na akakumbuka lile neno samahani. Lilikuwa moja kati ya maneno ya mwisho aliyoyasikia duniani.

Akasimama nyuma ya Mama Lorine, akaishika kamba, akavuta. Kamba ikasogea.

Hatua tano nyuma yake, Calvince aliinama kwenye karai la samaki la Mercyline na kuinuka na kisu kirefu cha kupasulia mbuta. Mercyline akaliita jina la Nanyama kwa nguvu zote alizopewa na Mungu, mara moja, mara mbili, mara tatu, hata wenye bodaboda kule barabarani wakageuka.

Nanyama aliendelea kuvuta.